Nani Aipime Hatua ya Mgonjwa?

Wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watu 21 wenye ugonjwa wa Parkinson walifundishwa upya kutembea. Hawakuwa wameanza dawa yoyote ya ugonjwa huo. Kila mmoja alipewa vipindi 9 vya nusu saa kwa muda wa wiki 3, na tiba yote ilikuwa ishara. Ubongo wa mwenye Parkinson hupoteza mdundo wa ndani unaouambia mguu kwamba sasa ni zamu yake. Hatua hufupika, nyayo huburura, na wakati mwingine mtu huganda mlangoni kana kwamba amegundishwa sakafuni. Akipewa mdundo kutoka nje, mlio unaojirudia au mstari wa kuvuka, mguu huipata tena njia yake. Watu wale wa Hai walitembea haraka zaidi na kwa hatua ndefu zaidi, hata walipotakiwa kufanya jambo jingine huku wakitembea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la Lynn Rochester, mfiziotherapia aliyepanda hadi kuwa profesa wa sayansi ya mwendo wa binadamu katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Wazo lenyewe lilikuwa limeshapevuka. Mwaka 2007 yeye na wenzake wa Ubelgiji na Uholanzi walichapisha jaribio la wagonjwa 153 waliofundishwa majumbani mwao kwa ishara za namna hiyo. Waliona kwamba ishara husaidia, wakaona pia kwamba faida hufifia mafunzo yakikoma. Lakini Ulaya ni vigumu kujua mguu unaitikia nini hasa, kwa kuwa karibu kila mgonjwa yuko kwenye dawa. Hai walikuwapo watu ambao dawa haijawafikia, na wengi wao hata jina la ugonjwa wao walikuwa hawajaambiwa. Ni jambo la kuhuzunisha, na ndilo lililowezesha swali lile kujibiwa.

Utafiti huo ninauheshimu sana. Kila nikiurudia, hata hivyo, nabaki na swali la pili: swali linalofuata la Hai litaulizwa na nani, na mtu huyo atakuwa amepitia njia gani hadi kufika mahali pa kuuliza?

Kidonge cha shinikizo la damu hufanya kazi karibu ileile kikimezwa Oslo au Ujiji. Zoezi halina bahati hiyo. Hufanywa na mtu mwenye nyumba ya namna fulani, kazi ya namna fulani, ndugu wa kumshika mkono au asiye naye, na njia ya kwenda kisimani yenye mwinuko wake. Ukilihamisha kutoka nchi moja hadi nyingine bila kulitazama upya, umehamisha jina lake tu. Kwa hiyo watafiti wa utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili, wanaokulia na kubaki palepale wanapoishi wagonjwa wao ni sehemu ya tiba yenyewe, na ngazi yao ya kupanda kitaaluma inastahili kujadiliwa kwa uzito uleule tunaoupa upungufu wa dawa.

Ukubwa wa haja unajulikana. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2020 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu bilioni 2.4 duniani walikuwa na hali ambayo ingenufaika na utengamao: maumivu ya mgongo, kiharusi, yabisi, mapafu yaliyochakaa, majeraha ya zamani. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa watu 60,000, uujaze hivyo mara kumi na saba, kisha umati wote huo uupe watu tisa wa kuuhudumia. Kuhusu kiharusi tuna takwimu za nyumbani: kati ya 2003 na 2006, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa karibu 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na karibu 316 Dar es Salaam. Kiwango cha jiji kilizidi cha nchi nyingi tajiri. Anayenusurika kiharusi huenda akaishi miaka mingi na mkono usiofunguka, na katika miaka hiyo daktari atamwona mara chache. Wa kumwona mara kwa mara angekuwa mfiziotherapia.

Fani hii haikuzaliwa chuoni. Chama cha fiziotherapia cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliotaka kuilindia heshima kazi ya kukanda viungo, na kwa miongo mingi ujuzi ulipita kutoka mkono hadi mkono bila kuulizwa ushahidi. Kuuliza kulikuja polepole, na kulianzia kwenye jambo linaloonekana dogo: kupima.

Mwaka 1965, huko Maryland, Marekani, daktari Florence Mahoney na mfiziotherapia Dorothea Barthel walichapisha fomu ya mambo kumi: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kutembea, kupanda ngazi. Jumla ni alama 100. Leo majaribio mengi ya kiharusi duniani huitumia fomu hiyo, na inaitwa kwa jina la Barthel. Katika fani hii makala husahaulika haraka, lakini kipimo kizuri humzidi umri aliyekibuni.

Sasa ipeleke fomu hiyo Bagamoyo, kwa bibi aliyepooza upande wa kulia. Nyumba yake haina ghorofa. Alama za ngazi atapewa kwa kukisia. Choo ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ni kazi nyingine kabisa kwa goti na nyonga kuliko kuketi. Kitini haketi sana, maisha yake yako mkekani. Kisha fika kwenye kula. Anaweza kujilisha kwa mkono wa kushoto bila msaada, kwa hiyo fomu inampa alama zote 10. Lakini kwenye sinia hali tena na wenzake. Mkono wa kushoto una kazi yake, kila mtu anaijua, na yeye hawezi kuunyoosha mbele ya wajukuu. Anakula peke yake chumbani, baada ya wengine. Fomu imesema amepona kula. Na kusujudu, ambako ndiko alikokutaja kwanza alipoulizwa anataka kurudia nini, hakumo katika mambo kumi.

Huo si upungufu wa Barthel. Aliwapima wagonjwa wake, kwa maisha yao. Upungufu ni wetu tuliobaki kujaza fomu.

Kazi ya kurekebisha vipimo haina mng'aro. Mwaka 1999 kulichapishwa toleo la Kiswahili la dodoso maarufu la afya linaloitwa SF-36, lililojaribiwa Dar es Salaam. Dodoso la asili la Kiingereza humuuliza mtu kama afya yake inamzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Mtafsiri hawezi kuishia kwenye kamusi hapo. Lazima aulize ni kazi gani ya kwetu inayodai nguvu zilezile: kudeki? kuchota maji? kupalilia? Kila jibu ni dhana ya kisayansi inayotakiwa kuthibitishwa kwa watu wengi, na kuthibitisha huko huchukua miaka. Hali ni hiyohiyo kwa maumivu. Dodoso la maumivu ambalo Ronald Melzack alilichapisha Montreal mwaka 1975 limejengwa juu ya maneno 78 ya Kiingereza. Mswahili mwenye maumivu ya kudumu ana hazina yake: mgongo unakata, goti linapwita, mguu umekufa ganzi, nyayo zinawaka moto, mwili umekuwa mzito. Mtu akisema nyayo zinawaka, huenda mshipa wa fahamu umeathirika, pengine na kisukari. Akisema kiungo kimekaza asubuhi, ni habari nyingine. Mfiziotherapia mzoefu wa Tanga au Mombasa analijua hilo kwa sikio. Kuligeuza sikio hilo kuwa kipimo kinachoweza kutumiwa na mwingine, hapo ndipo utafiti unapoanzia, na kwa maoni yangu hakuna tasnifu bora ya uzamivu kwa kijana wa fani hii kuliko hiyo.

Mtafiti wa utengamao wa mapafu Sally Singh alianzia kwenye kipimo. Mwaka 1992, akiwa Leicester, yeye na wenzake walichapisha jaribio la kutembea kwa mlio: mgonjwa wa mapafu huenda na kurudi kwenye njia ya mita 10, na mlio humharakisha kidogo kila dakika hadi ashindwe. Vifaa vyake ni koni mbili na sauti iliyorekodiwa. Kwa kipimo hicho iliwezekana kuonyesha kwa namba kwamba mazoezi humrudishia uwezo mtu ambaye mapafu yake hayatapona kamwe. Singh leo ni profesa katika Chuo Kikuu cha Leicester, na karibu miaka thelathini baada ya zile koni mbili alikuwa miongoni mwa waliowahudumia kwa utafiti watu waliobaki na uchovu na upungufu wa pumzi baada ya UVIKO-19.

Baada ya kupima huja kujaribu, na hapa mtafiti wa utengamao ana mzigo ambao mtafiti wa dawa hana. Dawa hufichwa: huyu kidonge cha kweli, yule cha unga mtupu, na hakuna ajuaye. Zoezi halifichiki. Mgonjwa anajua alichofanya na mfiziotherapia anajua alichofundisha. Anayeweza kufichwa ni mpimaji wa mwisho tu. PEDro, hazina ya ushahidi wa fiziotherapia iliyofunguliwa Sydney mwaka 1999, huyapa majaribio alama hadi 10, na mbili kati ya hizo ni za kumficha mgonjwa na kumficha mtibabu. Majaribio mengi ya mazoezi, hata yakifanywa kwa uangalifu wote, huishia 8. Anayeingia katika kazi hii ajiandae kueleza hilo maisha yake yote mbele ya kamati za madaktari.

Ajiandae pia kwa jibu asilolipenda. Mfiziotherapia Julie Bernhardt wa Melbourne aliongoza jaribio lililouliza kama mgonjwa wa kiharusi ainuliwe kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na mara nyingi. Wengi katika fani waliamini jibu ni ndiyo. Wagonjwa 2,104 waliandikishwa katika hospitali 56 za nchi tano, kati ya 2006 na 2014. Matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa kinyume: baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri ni asilimia 46 ya walioinuliwa mapema na kwa wingi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Miaka yote ile, kisha jibu la hapana! Uchambuzi uliofuata ulidokeza kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara huenda ndivyo vyenye faida, ikafunguka njia ya utafiti mwingine kuhusu kipimo cha zoezi, kama tunavyopima kipimo cha dawa. Kwangu mimi kazi hiyo ni miongoni mwa kazi za heshima kubwa kabisa katika fani, kwa sababu aliyeiamini dhana ndiye aliyeiweka kwenye mizani na kuisoma kama ilivyosimama.

Jibu la India linatugusa zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwachukua wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14, na kuwafundisha ndugu wa baadhi yao kufanya utengamao nyumbani. Wazo lilikuwa na mantiki yote: wataalamu hawatoshi, familia ipo. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 katika kundi moja na asilimia 47 katika jingine. Hapa kwetu wazo la kumkabidhi ndugu kazi yote linapendwa sana katika mipango ya afya, na ndugu hao mara nyingi ni binti aliyeacha shule au mke mwenye watoto wadogo. Jibu la India halisemi familia haina maana. Linasema kwamba mafunzo mafupi hayamfanyi ndugu kuwa mbadala wa mtaalamu, na anayetaka kudai vinginevyo kwa Afrika Mashariki alete ushahidi wa Afrika Mashariki.

Kuna maswali ambayo yameshafungwa, na kuyajua nako ni sehemu ya elimu. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822 wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, yakaonyesha wazi kwamba utengamao wa mapafu unasaidia, na wahariri wakatangaza kwamba majaribio zaidi ya kuulinganisha na huduma ya kawaida hayahitajiki. Lililobaki ni jinsi ya kuufikisha kwa watu, na kwa watu gani wengine. Kampala ilijibu sehemu ya swali hilo. Katika Hospitali ya Mulago watafiti wa Uganda na wenzao wa Uingereza waliwapa mazoezi ya wiki sita watu waliokwisha kupona kifua kikuu lakini wakabakiwa na mapafu yenye makovu. Walioanza walikuwa 34, na matokeo yalitoka mwaka 2017: walitembea mbali zaidi kwa jaribio lilelile la mlio, na maisha yao ya kila siku yakapata nafuu. Vitabu vya Ulaya viliandikwa kwa ajili ya mapafu ya wavuta sigara wazee. Mgonjwa wa Mulago ni kijana zaidi, anatafuta riziki, na bakteria wake wameshakufa, kwa hiyo kwenye daftari la kifua kikuu ameandikwa amepona. Kumwona huyo kulihitaji jicho la mtu anayefanya kazi Mulago.

Basi mtu wa namna hiyo anapatikanaje?

Kwa miaka mingi fiziotherapia Tanzania ilimaanisha stashahada ya KCMC, Moshi, na waliohitimu pale ndio waliozibeba hospitali za mikoa. Stashahada inafunza mikono vizuri. Haifunzi kuandika andiko la mradi. Shahada za kwanza zimekuja baadaye, na kwa uzamili na uzamivu wengi wa kanda hii wamelazimika kusafiri. Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kimewalea watu kutoka Rwanda, Kenya, Tanzania na kwingineko, na Rwanda ilijenga idara yake kwa kiasi kikubwa juu ya uhusiano huo. Kenya imeipa fani baraza lake kwa sheria ya mwaka 2014. Hayo ni mafanikio. Lakini ngazi yenyewe bado ina pengo katikati, na pengo hilo ninaliona mahali pamoja hasa: hakuna cheo kinachomruhusu mtu awe wa wodini na wa chuoni kwa wakati mmoja.

Tazama anavyorudi mwenye uzamivu. Akirudi hospitalini, muundo wa utumishi unahesabu miaka ya kazi, na foleni ya wagonjwa haina muda wa tasnifu yake. Akienda chuoni, atapandishwa kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi kwa idadi ya makala, atafundisha darasa kubwa, na taratibu atawaacha wagonjwa ambao ndio waliompa swali lake la kwanza. Uingereza ilikuwa na tatizo hilohilo, na Taasisi yake ya Taifa ya Utafiti wa Afya, iliyoundwa mwaka 2006, ikaweka ufadhili maalumu kwa wauguzi, wafiziotherapia na wengine wafanye uzamivu huku wakiendelea kuhudumia wagonjwa. Haikuhitaji jengo. Ilihitaji kulipa siku mbili au tatu za juma za mtu aliyekwisha kuajiriwa, na kukubaliana nani azibe nafasi yake wodini. Wizara zetu zinaweza kuanza na nafasi chache tu katika hospitali za rufaa, na ningependa zianze na kiharusi na mgongo kabla ya chochote kingine, kwa sababu wagonjwa hao hawakosekani katika mkoa wowote.

Ushirikiano na vyuo vya nje unabaki kuwa wa lazima. Fedha ziko huko, na wako wenzetu wa huko waliofanya kazi kwa moyo. Ila kijana ajifunze kuuliza mapema, kabla ya kutia sahihi: takwimu zitahifadhiwa wapi, nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi, na mradi ukiisha nani anabaki na mshahara. Kuandika dodoso, kupata kibali cha maadili, kuwatafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji na kuwashawishi warudi mwezi wa sita, hiyo yote ni kazi ya kitaaluma, na aliyeifanya ana haki ya zaidi ya shukrani mwishoni mwa makala.

Kuanza, hata hivyo, hakuhitaji kusubiri fedha hizo. Kuna kipimo kingine kilichochapishwa mwaka 1991, kazi ya mfiziotherapia Diane Podsiadlo na daktari Sandra Richardson wa Montreal. Mzee anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anaketi, na saa inahesabu sekunde. Kinatumika kila mahali kukadiria nani yuko katika hatari ya kuanguka. Yule bibi wa Bagamoyo haanguki akiinuka kitini. Yuko hatarini anapoinuka mkekani alfajiri, gizani, mkono mmoja ukitafuta ukuta. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuanza na hilo Jumatatu: mkeka, utepe wa mita, saa ya simu, na wazee wa mtaa mmoja waliokubali kuinuka mbele yake mara mbili, leo na baada ya wiki, ili ajue kama sekunde zake zinaaminika.